Nafasi ya Jozi Moja

Zaituni aliingia nyumbani kwa wenyeji wake na raba zake ndani ya mfuko, akazipakata kama mtoto mchanga. Kabla hajavuka mpaka, kaka yake alimwonya: ugenini usiache kitu mlangoni.

Bi Msimu, mwenye nyumba, alikuwa anapakua pilau. Alipoona raba ndani ya ule mfuko, upawa ulisimama hewani na vicheko vya wanawe vikakatika.

"Mwanangu, unaondoka hata hujanawa? Hapa kwetu anayeshika viatu ndiye anayeaga."

"Siondoki, mama! Niliogopa tu..."

Aligeuka. Viatu vya nyumba nzima vilikuwa vimepangwa mlangoni mstari mmoja, na katikati imeachwa nafasi ya jozi moja.

Zaituni alitoka mbio, nusura amwage maji ya kunawa, akazichomeka raba zake pale. Vigelegele vikapigwa hadi jirani akachungulia!

Jua lilipoinama alitoka kuaga. Ile nafasi ilikuwa tupu. Akatazama huku na huku. Kisha akaziona raba zake juu ya ukuta, zimefuliwa zikatakata, zinachuruzika maji.

"Hazijakauka," alisema Bi Msimu, akimvuta mkono kumrudisha ndani. "Labda kesho."