Dirisha Lenye Utepe Mwekundu

Kompyuta ya chumba cha maiti ilidai nenosiri la msimamizi kila mtu alipotaka kufuta kitu, na Zamda alichoka kuulizwaulizwa. Asubuhi hiyo akafanya kama wenzake wote ofisini: alilifungua dirisha la mafaili kwa mamlaka ya msimamizi, akaliacha hivyo. Utepe mwekundu ukatanda juu ya dirisha hilo kumwonya kwamba humo mashine haimuulizi mtu neno, na kinachofutwa hakirudi.

Alikusudia kufuta picha zilizojirudia. Akabofya folda nzima badala ya picha, akafuta. Nyuso zote za waliokufa kwenye mafuriko, wakazikwa bila kutambuliwa, kila mmoja na namba ya kaburi lake, zikatoweka kimya kimya. Nakala nyingine haikuwepo.

Bado amekodoa macho, mlango ukagongwa. Aliingia mama wa makamo, viatu vimeganda tope.

"Shikamoo, mama," Zamda alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mna picha zao. Namtafuta Tunu wangu."

"Mama, picha..."

"Najua mmeshawazika. Sikuja kugombana na mtu. Nataka nimwone uso tu, nijue nikalilie kaburi lipi."

Akavuta kiti hadi mbele ya skrini. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la khanga, kioo kimoja, kisha cha pili, akaivaa tena.

"Haya, mwanangu. Nionyeshe polepole."

Dirisha lilikuwa jeupe, tupu, na juu yake ule utepe mwekundu.