Mlango Unaosikiliza Moyo

Siku hizi aliyepasuliwa moyo hatoki nyumbani mpaka mlango umpe somo na uridhike na mapigo yake.

"Ukichoka njiani utafanya nini?" mlango uliniuliza tena.

"Nitakaa chini nivute pumzi."

"Si sahihi."

Jibu wanalolitaka watu wa hospitali ni "nitapumzika." Kwetu aliyepumzika ni marehemu. Mimi niliyetembea kwa miguu toka Tunduru mpaka Mpanda, nijitangazie kifo mlangoni kwangu?

"Mzee wangu, litamke tu, halina meno," mke wangu Sikudhani alinisihi huku akicheka. "Au umekuwa mwali, unasubiri ngoma ndiyo utolewe nje?"

Basi nikalitamka. Mlango ukafunguka. Nikaiona barabara na vumbi lake jekundu, nikafurahi, moyo ukaruka kama mwanambuzi. Mlango ukajifunga.

"Furaha nayo ni mzigo, mzee," ukasema kwa upole. "Rudia somo."

Nimelirudia mpaka nimefuzu; moyo hauruki tena kwa lolote. Leo mlango umekaa wazi tangu asubuhi. Sikudhani yuko nje, kanishikia viatu, ananiita. Namsikia vizuri tu. Ila sioni cha kunitoa kitini.