Farasi wa Maharusi

Tangu visima vya mji vikauke hakuna aliyeoa, na farasi aliyezoea kuwabeba mabwana harusi akakosa kazi. Kombo alimvua njuga za shingoni, akamfunga kwenye mkokoteni wenye mapipa matupu, maana maji sasa yalifuatwa mbali, mtoni.

"Taratibu, Lulu. Safari hii mzigo uko nyuma," alimbembeleza.

"Mwambie asipovuta hanywi," mkewe, Mwanakheri, alisema kutoka kizingitini. "Ndoo iliyobaki ni ya watoto."

Kombo akavuta hatamu. Mkokoteni ukatikisika, mapipa yakagongana, ndu, ndu, ndu. Lulu akasimamisha masikio. Ngoma alikuwa anaijua. Akainua kwato moja baada ya nyingine, akacheza palepale, kichwa juu, kama Kombo mwenyewe alivyomfundisha. Na kila alivyocheza, mapipa yakazidi kulia. Kombo akasokomeza magunia katikati ya mapipa, nayo yakalia vilevile.

Majirani wakatoka na ndoo zao. Hakuna aliyecheka.

"Mpige basi, Baba Saumu," Mwanakheri alisema polepole.

Kombo akaokota fimbo. Lulu alipomwona anakuja, akatulia, akainamisha mgongo kidogo, kama alivyozoea kumwinamia bwana harusi apande.