Kikombe Kando ya Cherehani

Fundi alichovya uzi kwenye kikombe cha maji, akalenga tundu la sindano, akakosa.

Mkewe akaacha kupiga pasi. Miaka kumi na tisa amemwona akilowesha uzi kwa ulimi.

"Baba watoto, hebu fungua mdomo."

"Niache, mama. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Fungua."

Akafungua. Ulimi wote ulikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na pale ulipobanduka palikuwa pekundu, pabichi. Fangasi wale mkewe aliwaona mara moja tu, kinga ya mumewe iliposhuka, kabla hajaanzishiwa dawa.

"Vidonge uliacha lini?"

Fundi akainamia suruali ya mteja. "Mwezi wa tatu huu. Kumeza kila siku, kila siku, mpaka lini?"

Mkewe akalikumbuka kopo la vidonge lililolia chumbani kila asubuhi, naye jikoni akishusha pumzi.

"Kumbe ulikuwa unanipigia kayamba."



Mkewe akaisukuma pembeni suruali ya mteja, akaishika tena pasi.

"Vua shati nilinyooshe. Kliniki wanafunga saa tisa."