Lisilale Gereji Ijumaa

Gari lilikuwa linaunguruma vizuri tu, na ndiyo maana fundi alichoka alipoliona linaingia getini. Wateja wengine walimletea magari yakivutwa kwa kamba. Mama Mapacha alileta gari zima na kuomba litengenezwe.

Lilikuwa gari la spoti la milango miwili, la chini, jekundu lililopauka kwa jua, na liliwazidi umri nusu ya mafundi wa gereji ile. Mwenyewe alikuwa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Spidi. Kila Ijumaa jioni Spidi alijipulizia manukato, akawasha gari na kutokomea mpaka Jumapili usiku. Alikokwenda kulijulikana, na mwanamke aliyemfuata huko alijulikana pia. Yeye aliendesha tu. Kulitengeneza ilikuwa juu ya mkewe, mshona nguo.

"Safari hii nini tena, mama?" fundi aliuliza, akifuta mikono kwa tambara.

"Mkanda wa injini. Ulisema muda wake unakaribia."

"Nilisema unakaribia. Sikusema umefika."

"Ubadilishe kabla haujakatika."

Fundi alishusha pumzi. Mkanda wenyewe haukuwa ghali. Lakini walioliunda gari lile waliuficha mahali usipoweza kuufikia mpaka injini yote ishushwe chini, na ukishaishusha utakuwa mjinga usipobadilisha na pampu ya maji, na mipira yake, na sili zote za oili zilizoanza kulowa. Spea zenyewe zilikuwa za kuagiza, na wauzaji walishajua kwamba mwenye gari la namna ile hana pa kukimbilia. Alimtajia jumla yote, akitumaini atashtuka.

Hakushtuka. "Litakuwa tayari Alhamisi?"

"Leo Jumanne, mama. Haiwezekani. Labda Jumatatu."

"Lisilale hapa Ijumaa, fundi. Nakuomba. Niongezee bei ukitaka, ila lisilale hapa Ijumaa."

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Alikuwa ameshaona watu wengi wakifanywa wajinga na mapenzi, lakini huyu alipitiliza. Breki za mwaka jana zilikula mashine yake ya kudarizi. Klachi ikala ile ya ovaloki. Sasa alibakiwa na cherehani moja, ile iliyowalisha watoto, na fundi alijua kabisa hela ya mkanda ingetoka wapi.

"Nikwambie kitu, kama kaka yako?"

"Niambie."

"Uache ukatike. Gari likimfia huko anakokwenda, atatia akili."

Mama Mapacha alimtazama bila hasira, kama mtu anayengoja foleni isogee. "Ule mlima wa huko anakokwenda, litaupanda?" aliuliza. "Na mvua hizi?"

"Litaupanda."

"Basi jioni nakuja na hela."

Alipoondoka, fundi alikaa juu ya tairi, ameshika tama. Angeweza kufanya kazi yake, akapokea chake, akaenda zake. Mambo ya mke na mume si ya kuingilia, na yeye mwenyewe aliwahi kuwaambia wengine hivyo. Lakini mapacha wale walipita mbele ya gereji kila siku wakienda shule, na walimwamkia vizuri, na hakutaka kuwa mtu aliyesababisha mama yao auze cherehani ya mwisho. Akapiga moyo konde, akampigia Spidi simu.

Alimweleza ukweli, akautia chumvi kidogo. Injini imechoka, alisema, chesisi imeliwa na kutu, kila hela itakayoingia humo ni hasara tupu. Kisha akamtajia mzee mmoja, mkusanyaji wa magari ya zamani, aliyekuwa akilimezea mate gari lile tangu lilipokuwa na rangi. Mzee akaja mbio. Spidi naye akaja, akabishana kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akakubali bei na kukabidhi ufunguo. Alikasirika alipoliona linapakiwa kwenye lori, akakipiga teke kopo la oili, lakini hela alizitia mfukoni. Fundi alifagia ile oili na wala hakuona taabu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia mwepesi.

Jioni Mama Mapacha aliingia na hela zimefungwa kwenye kitambaa. Vidole vyake bado vilikuwa na mafuta ya mashine.

"Rudi ukaikomboe cherehani yako sasa hivi," fundi alimwambia hata kabla ya salamu. "Gari limeuzwa. Ufunguo haupo tena, mama. Umetua mzigo."

Mama Mapacha aligeuka kutazama mahali gari lilipokuwa limeegeshwa. Palikuwa na doa la oili tu.

"Nani kaliuza?"

"Mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshawishi." Hakuweza kuficha furaha yake. "Na kasema hanunui jingine. Kachoka na barabara. Kuanzia leo ni mtu wa nyumbani, siku zote saba."

Hakutabasamu. Alikaa taratibu kwenye benchi, katikati ya spana, kile kitambaa mapajani.

"Na sasa yuko wapi?"

"Ametangulia nyumbani. Mama, si jambo la heri hili?"

"Umenitakia mema, fundi. Najua." Sauti yake ilikuwa imechoka, wala haikumlaumu mtu. Alisimama kwa haraka, akaziacha hela pale pale benchi. "Baba yao akiwa ndani, mlango wa nyuma hatuufungi komeo. Ni Ijumaa na Jumamosi tu wanangu wanalala wamevua viatu."