Donge la Unga Chini ya Boneti

Mama alifungua boneti ya gari lake dogo. Donge la unga aliloliweka juu ya injini, kupima nafasi iliyobaki chini ya boneti, lilikuwa limebanwa, jembamba kama karatasi.

"Umeona?" binti yake alidakia. "Hiyo supachaja yenu ya kusukumia hewa kwenye injini haienei hapo juu. Tufunge turbo mbili, zinakaa ubavuni."

"Turbo zako husubiri moshi wa injini ndipo ziamke," alisema baba mtu, fundi wa magari ya nyumba nzima. "Supachaja inavutwa na mkanda. Ukikanyaga tu, gari linaruka."

"Inakula nguvu ya injini, baba!"

"Na kona za mlimani zitakula wewe. Mwaka jana ulishika mkia kwa kungoja turbo moja. Sasa unataka kungoja mbili?"

Mama alicheka mpaka akaegemea bampa. Mashindano ya magari yalikuwa Jumamosi, na binti hakuwa na gari jingine la kushindana nalo. Rangi ya hili haikuwa na hata mwezi.

Mama alifunga boneti, akachukua chaki, akachora katikati yake mraba wa kutosha supachaja kuchomoza.

"Mama, hapana!"

"Wacha kelele. Niletee msumeno wa umeme, upesi, kabla akili hazijanirudia."