Uji wa Wodi Nzima

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria mara moja, taratibu. Ernesta akakishika kisilie tena, maana hata majogoo walikuwa bado wamelala. Moshi wa kuni mbichi ukamwingia puani, akapiga chafya, akafuta pua kwa pindo la kitenge, akaendelea kukoroga.

Uji haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa wa mjukuu wake Aneth, na wa kila aliyelala wodi ile bila mtu wa kumpikia.

Aneth alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, Kasulu. Bodaboda ilimwangusha njia ya Makere, mfupa wa mguu ukatokeza nje. Pale kituo cha afya walimfunga vizuri, na siku tano za kwanza kidonda kilikuwa kikavu. Siku ya sita nyama ikaanza kulainika. Sindano zikaongezwa, nyama ikazidi kulainika. Sasa daktari alikuwa amesema waziwazi: hali isipobadilika kufikia Ijumaa, mguu utakatwa juu ya goti.

"Mdudu huyu ana vimeng'enya," Daktari Ghati alimweleza, akichuchumaa ili macho yao yalingane. Ernesta aliuona wema huo. "Kimoja kinayeyusha nyama, apate njia ya kupita. Kingine kinaikata dawa kabla haijamgusa."

"Kama papai bichi kwenye nyama ya mbuzi mzee?"

"Hivyo hivyo, bibi."

Tangu siku hiyo Ernesta hakupenda kuutazama mpapai wake.

Mdudu akahama kitanda. Akamfuata Therese, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, aliyepasuliwa jipu. Kisha Swaumu, aliyejifungua kwa upasuaji. Mgonjwa mmoja tu wa wodi ile, mke wa Castory, yule mwenye maringo aliyekataa uji wa watu na hakupenda kuguswaguswa, alipona akaenda zake nyumbani. Ernesta akamshukuru Mungu hata kwa ajili ya huyo.

Aliwalisha wale watatu kwa kijiko, kitanda hadi kitanda, akawafuta jasho na midomo kwa pindo la kitenge, maana taulo za wodi zilikwaruza. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya.

"Wewe ni mama ya bote," Therese alimwambia kwa Kiswahili cha kwao.

"Uji huu daktari angeuandika kwenye cheti," Swaumu akadakia. "Kutwa mara tatu." Kisha akapunguza sauti. "Lakini bibi, huyu mdudu ana mwenyewe. Ni yule nesi aliyetoka Tanga. Mikono yake ya baridi kama chura."

Nesi Tamimu alisikia. Akainamisha kichwa, akaendelea kubadilisha bandeji.

"Msimseme mtoto wa watu!" Ernesta alikemea, akamjazia Tamimu kikombe.

Jumatatu daktari alipitisha kijiti chenye pamba puani mwa kila aingiaye wodini: wauguzi, mfagizi, ndugu wa wagonjwa. Ernesta kilimtekenya, akacheka mpaka Aneth naye akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Mtu anaweza kumbeba mdudu huyu na asiumwe hata kidogo," daktari alisema. Vijiti kumi na vinne vikapelekwa Kigoma kupimwa.

"Akipatikana huyo mtu," Ernesta alimwambia, na safari hii sauti yake haikuwa na upole, "asikanyage tena hapa. Hata akilia. Akae mbali na mtoto wangu."

"Nakuahidi, bibi."

Alhamisi alifika na chupa ya uji kukiwa na ukungu bado. Daktari Ghati alikuwa amesimama mlangoni, amevaa glavu, karatasi mkononi. Kando yake alisimama Tamimu.

"Mwakeye, bibi," Tamimu akaamkia, kwa Kiha alichofundishwa na Ernesta mwenyewe. Akaipokea chupa kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

Ernesta akamhurumia. "Ni huyu?" alimuuliza daktari kwa sauti ya chini. "Msimfukuze kwa aibu."

"Tamimu hana kitu, bibi. Kumi na watatu hawana kitu."

Baridi ya asubuhi iliifanya pua ya Ernesta ichuruzike. Mkono wake ukainua pindo la kitenge, ukakomea njiani.

Ndani, Aneth alikuwa amejiinua kwa viwiko, anachungulia dirishani. "Bibi, mbona huingii?" Akangoja. "Basi kesho uje. Uje tena, bibi, usiniache."